Mshono wa Shoto

"Kagari kazima kabisa, mama. Kanahitaji kakazi kadogo tu, hakika," alisema dalali, akalipigapiga paa la gari kwa kiganja.

Fundi cherehani alizisikia zile "ka" zikipita moja baada ya nyingine, akaubana mkoba wake kwapani. Miaka ishirini ya kushonea watu nguo ilikuwa imemfundisha kuliogopa neno lililopunguzwa. Mteja akisema ana kashughuli kadogo, ujue ni harusi ya watu mia nne na sare zinatakiwa keshokutwa. Jirani akija na kaombi, kaa chini kwanza ndipo umsikilize. Na huyu dalali, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Hakika kwa kuwa hakuwa na sentensi isiyo na kiapo, alikuwa amekwisha kutaja kakutu, kamlio na kamchirizi ka maji, na hata robo saa haijapita.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba gari alilihitaji. Mumewe alikuwa akienda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, maana figo zimegoma, na akitoka huko hurudi nyumbani kwa pikipiki, amemshikilia dereva kwa mikono isiyo na nguvu. Wiki mbili nyuma mikono hiyo iliachia. Alianguka konani, akachunika bega, akaingia nyumbani anacheka ili mkewe asilie. Tangu siku hiyo mkewe hakuwa na usingizi. Akiba ya kununua gari ilikuwa moja tu, haina pacha. Akiuziwa mkweche, ni pikipiki tena, mpaka siku ya kuanguka vibaya zaidi.

Ndiyo maana alikuja na shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa magari mwenye mdomo mchafu kuliko mikono yake. Hakuna gari lililowahi kupita mbele ya shemeji huyu likasalimika. Hata gari jipya la mchungaji aliwahi kulitukana mbele ya mwenyewe. Leo alikuwa amesimama kimya, mikono mifukoni, anaangalia ukuta.

"Shemeji, mbona huongei?" alimuuliza.

"Naangalia."

"Unaangalia ukuta."

Bwana Hakika alidakia haraka. "Boneti yake ina kaukaidi kidogo, ngoja niwa..." Kabla hajamaliza, shemeji alikuwa amekwisha kupenyeza mkono chini ya usukani, akavuta kipande cha waya, akaenda mbele, akagonga kwa ngumi mara mbili upande wa kulia. Boneti ikafunguka.

Fundi cherehani alikiona kitendo hicho, akakiweka moyoni. Labda mafundi wote hujua. Labda boneti zote mbovu hufunguliwa hivyo. Lakini moyo wake haukutulia. Akaacha wanaume wainamie injini, yeye akaingia ndani ya gari, akaketi kiti cha dereva na kuanza kukagua kitu pekee alichokuwa na mamlaka nacho duniani, yaani nguo.

Kitambaa cha viti kilikuwa cha kijivu, kimechakaa kiungwana. Kiti cha abiria kilikuwa kimechanika ubavuni, kikashonwa kwa mkono kwa uzi mnene. Alipitisha kidole juu ya mshono ule, akaurudia, kisha akavaa miwani. Mshono ulianzia kushoto kwenda kulia, kinyume na ushonavyo mkono wa kulia, na mwisho wake ulikuwa na vifundo viwili vilivyopandana, vimeachwa juu juu mbele za watu, ambapo fundi yeyote mwenye haya angevificha upande wa ndani.

Mshono huo aliufahamu vizuri. Miaka kumi na miwili iliyopita kijana mmoja mwenye shoto alikuja kukaa kwao, na kabla hajapata gereji ya kujifunzia kazi alimsaidia yeye kupinda suruali na kufunga vifungo. Kwa mwaka mzima alimgombeza: ficha vifundo, ficha vifundo! Kijana hakuficha hata kimoja.

Alitoka garini taratibu.

"Bwana Hakika, umesema gari hili la nani?"

"La mama mmoja mwalimu. Kulipeleka shule na kulirudisha, basi. Hakika."

"Huyo mwalimu anatumia mkono wa kushoto?"

Bwana Hakika alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakikutoka kiapo. Alimgeukia shemeji. Shemeji aliinamia injini kana kwamba anataka kuingia humo na kujifungia.

"Shemeji," alisema fundi cherehani, "njoo hapa."

Walisimama nyuma ya kibanda cha dalali, kwenye marundo ya matairi.

"Ni langu," alisema shemeji kabla hajaulizwa. "Nililinunua limegongwa. Miezi minane nimelitengeneza, kila Jumapili."

"Na leo asubuhi kwangu ukanywa chai, ukasema twende tukalione!"

"Nilisema tukalione. Sikusema sijaliona."

"Usinichezee akili! Kaka yako anaanguka njiani, wewe unamwekea dalali?"

Shemeji alijifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilizidi kuichafua. "Shemeji, niambie ukweli. Ningekuja nikasema nina gari, ungeniuliza bei?"

Alitaka kujibu ndiyo. Ungekuwa uongo. Asingeuliza bei. Angesema Mungu mkubwa, mpeleke kaka yako hospitali kesho saa moja. Na mumewe angeona aibu, angekaa humo kama mzigo wa watu, na shemeji angekuwa dereva wa bure hadi mwisho wa dunia. Aliona aibu kidogo. Hasira, hata hivyo, haikuondoka.

"Sasa niambie ubovu wake. Wote. Na usinipunguzie hata neno moja."

"Rejeta inavuja. Klachi itakufa kabla ya mwaka kwisha. Mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani. Hilo linalolia ni beringi ya gurudumu la mbele."

"Na breki?"

"Breki nimeweka mpya, zote. Hizo ndizo nilizoanza nazo." Alitazama chini. "Nilijua nani atakaa humo."

Fundi cherehani alijiuliza: Mtu aliyekudanganya asubuhi, mchana unamwamini kwa lipi?

"Washa," alisema. "Tunakwenda kwa kaka yako, na utamwambia mwenyewe. La nani, na bei."

Shemeji alichukua ufunguo kwa Bwana Hakika. Akawasha.

Gari lilikohoa, likaenda. Kwenye mteremko wa kuelekea sokoni, pasipo na mtu mbele, fundi cherehani alipiga kelele ghafla: "Simama!" Shemeji alikanyaga breki, gari likaganda pale pale, na paji la uso la fundi cherehani likakaribia kubusu dashibodi.

"Umeridhika?" shemeji aliuliza, anahema.

"Bado. Endesha."

Mumewe alikuwa ameketi kwenye benchi mlangoni pa chumba cha kushonea, shali mabegani, na jirani mmoja akimwuliza kama amekula, kwa ile sauti nyembamba ambayo watu walikuwa wakimtolea siku hizi. Gari liliposimama, jirani aliaga. Shemeji alishuka, akakosa pa kuweka mikono.

"Kaka, hili gari ni langu," alisema. "Naliuza. Nataka mnunue nyinyi." Akataja bei, na sauti ikafifia kabla ya tarakimu ya mwisho.

Fundi cherehani alijiandaa. Alimwona mumewe akimtazama mdogo wake, kisha gari, kisha mdogo wake tena, na akaogopa kuona yale macho ya aibu aliyoyazoea tangu maradhi yaanze.

"Bei hiyo kwa hiki?" alinguruma mumewe. "Mwizi mkubwa wewe! Hata utotoni uliniuzia baiskeli haina mnyororo."

"Kaka, lina breki mpya..."

"Nimekuuliza breki? Fungua boneti!"

Alitupa shali kwenye benchi, akainuka bila kushikwa, akapiga tairi la mbele teke, akalizunguka gari huku anatukana kila pembe yake. Hakuna aliyekuwa ameongea naye kwa bei miezi yote hiyo ya ugonjwa. Wote waliongea naye kwa pole. Shemeji alianza kujitetea kwa sauti ya juu, naye akamjibu kwa sauti ya juu zaidi, na mikono ile iliyomwachia dereva wa pikipiki ilikuwa imeshika boneti kwa nguvu. Mkewe alikimbilia ndani, akatoka na kiti.

"Kirudishe hicho," mumewe alimwambia bila kugeuka. "Umeona wapi mnunuzi anapatana bei amekaa?"