Mazishi ya Kwanza ya Mwalimu Xaveri

Msinilaumu mimi. Mtu akiuliza nani alileta ile sinema nyumbani kwangu Kihagara, nitamtaja Rosemary, mpiga picha za harusi wa Mbinga mjini, na nitamtaja mume wangu, Mwalimu Xaveri, ambaye alizikwa mara mbili, na mara ya kwanza alijizika kwa kupenda mwenyewe. Mimi Hilda nilisema toka mwanzo kwamba kifo hakichezewi. Nani alinisikiliza? Katika nyumba hii mimi nasikilizwa chumvi ikiisha tu.

Rosemary alikuja mwaka jana mwezi wa sita, msimu ambao harusi hazijaanza. Alitaka kutengeneza sinema ya kuchekesha, ya kuwadhihaki wale wapelelezi wa sinema za miaka ya sitini, wale wa suti nyeusi na miwani ya jua hata ndani ya nyumba, wanaomiminiwa risasi mia moja na hakuna inayowagusa, wanaoruka maporomoko na nywele hazivurugiki. Wake angeitwa Jasusi Sifuri na Nusu. Angekuwa mzee, angekuwa na bastola ya gunzi la mahindi lililopakwa masizi, angefukuzana na maadui kwa bajaji, na adui mkuu angekaa kwenye kiti kikubwa akimpapasa kuku mapajani. Mwalimu alicheka mpaka akatoa leso. Utotoni aliwahi kuziona sinema hizo, gari la sinema lilipofika Mbinga wakatundika shuka jeupe, na toka hapo alitamani kuivaa ile miwani. Akaingia ndani, akatoka na suti yake ya harusi. Ilimkaa! Mzee wa miaka sabini na moja, na suti inamkaa. Hata mimi nilicheka, sikatai.

Kilichonikata kicheko ni mwisho wa hadithi. Jasusi anajifanya amekufa. Anawekwa jenezani, watu wanalia, adui anakuja kuhakikisha, na hapo ndipo jasusi anainuka na gunzi lake na kumkamata. Rosemary alitaka yote hayo yafanyike uani kwangu: turubai, mikeka, wanawake wa kulia, na kaburi lililochimbwa kweli.

"Mama, wewe utakuwa mjane," akaniambia.

"Mjane wa nani? Mume wangu si huyu hapa anakunywa chai?"

"Ni kuigiza tu, mama."

"Kuigiza njaa sawa, kuigiza ulevi sawa. Hili hapana."

Mwalimu akaniangalia kwa jicho ambalo nililijua. Si jicho la mchezo. Akasema, "Mama Kalista, niachie hili moja." Nikamwachia. Ndilo kosa langu la kwanza.

Sasa niwaeleze habari za Vitalis, maana bila yeye hamtaelewa kitu. Vitalis ni mdogo wake Mwalimu, tumbo moja, analima kahawa kwao Mbuji, huko juu milimani. Miaka kumi na tisa hawakuwa wameongea. Mama yao alikuja kututembelea huku ziwani, akafia mikononi mwetu kipindi cha masika. Barabara ilikuwa imekatika, joto la huku mnalijua, na Mwalimu akaamua mama azikwe hapa hapa. Vitalis alifika siku ya tatu, kwa miguu, magotini tope, akakuta udongo umeshasawazishwa. Hakupiga kelele. Alisema, "Umemfukia mama yangu kama mbegu. Uani kwako nitakanyaga siku nikija kukuzika wewe." Akaondoka bila kunywa hata maji. Mwalimu alituma barua, akatuma padre, akatuma watoto. Hakuna. Kila Krismasi aliwasha simu, akatafuta jina la Vitalis, akaliangalia, kisha akaizima. Mume wangu alitaka kitu kimoja tu duniani, mdogo wake amwite kaka tena.

Sasa mnaona kilipo kisu.

Siku ya kupiga ile sehemu ya msiba ilikuwa Jumamosi. Majirani walijaa kuliko harusi yoyote niliyoiona Kihagara, wengine wakiuliza kama wataonekana uso. Mwalimu akalala jenezani na suti yake na miwani yake, pamba puani. Mimi nikakaa mkekani, nikaambiwa nilie. Sikuweza. Rosemary akapaza sauti nyuma ya kamera, "Mama, ongeza kidogo!" Watu wakaangua kicheko, ikabidi turudie. Tulirudia mara tatu.

Mara ya nne akaingia Vitalis.

Alikuwa na ndoo ya unga kichwani, kama mtu anayekwenda msibani, na koti lake la kanisani limelowa jasho mgongoni. Alikuwa amezeeka. Nilimjua kwa mwendo. Rosemary hakumjua, akadhani ni mwigizaji aliyeletwa na mtu, akamfuata na kamera. Majirani wengi ni wageni wa miaka ya karibuni, nao hawakumjua. Mimi nilimjua, na mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Ningesema neno moja tu, "Shemeji, mume wangu mzima," yakaisha. Sikusema. Nilitaka kusikia atamwambia nini. Mungu anisamehe, nilitaka kusikia.

Aliweka ndoo chini, akapiga magoti, akashika ukingo wa jeneza kwa mikono miwili.

"Kaka," alisema. "Kaka yangu. Nilikuwa nakusubiri uje mwenyewe. Ulituma watu, ulituma barua, mimi nikasema hapana, atakuja mwenyewe. Na wewe ulikuwa unasubiri nikuite. Tumekuwa wajinga wawili. Nimepita pale alipo mama sasa hivi. Pazuri. Anaona ziwa. Mwaka ule ule niliona kwamba ni pazuri, nikakataa kusema. Nisamehe, kaka."

Akalia. Si kilio cha kuigiza kile, ni kile kinachotoka tumboni na kumtikisa mtu mabega. Nyuma yangu nikasikia mtu ananong'ona, "Huyu mzee anajua kuigiza!" Na Rosemary akapiga makofi mawili, maana ndiyo ilikuwa alama ya jasusi kuinuka.

Mwalimu hakuinuka. Niliona machozi yanachirizika chini ya miwani kuelekea masikioni. Rosemary akapiga tena. Hapo akainuka taratibu, pamba puani, gunzi mkononi, akasema, "Vitalis, mdogo wangu, nimekusikia. Mimi mzima."

Na watu wakacheka. Jamani, walicheka! Waliangua kicheko uani kote, wengine wakapiga miluzi, watoto wakarukaruka. Hawakuwa na kosa, waliambiwa ni sinema ya kuchekesha. Vitalis akawageukia mmoja mmoja. Akaiona kamera. Akasimama, akajipangusa magoti.

"Nani alinipigia simu kigangoni?" akauliza. "Mtu mwenye sauti ya mafua. Akasema mwalimu wa Kihagara amefariki, mazishi Jumamosi saa nane."

Hapo ndipo nilipoelewa. Wiki nzima mume wangu alikuwa anafanya mazoezi ya sauti ya jasusi, leso mdomoni. Jeneza lile hakumtegea adui wa kwenye sinema. Alimtegea ndugu yake.

"Ni mimi," Mwalimu akasema. "Ningekupataje, Vitalis? Uliapa."

"Niliapa kuja kukuzika. Nimekuja, nimekuzika." Aliitazama ile ndoo ya unga, akaiacha, maana unga wa msiba haurudi nyumbani. "Shemeji, pole sana na msiba," akaniambia mimi, kwa heshima zote, kisha akatoka. Mwalimu akamkimbilia mpaka barabarani na suti yake na pamba zake. Hakugeuka.

Wazee wakasema kaburi lililochimbwa halilali wazi, wakakata mgomba, wakauzika mle kwa sala, badala ya mtu. Rosemary alikuwa analia, masikini, akaapa kipande cha Vitalis atakikata kwenye sinema. Alikikata kweli. Lakini palikuwa na watu thelathini uani na simu mkononi. Baada ya wiki mbili kilio cha Vitalis kilikuwa kwenye makundi yote ya simu, kimewekewa muziki. Nilisikia kwamba huko Mbuji watoto walimwigiza akipita, wakijishika mabega na kujitikisa.

Na mume wangu je? Mume wangu hakurudi sawasawa kutoka lile jeneza, na huu si utani. Mwanzoni wavuvi walimtania, "Marehemu, shikamoo!" naye akaitikia marahaba. Baadaye akaacha kuitikia. Alianza kulala chali, mikono kifuani. Nikiwa nachambua usipa, dagaa wetu wa ziwani, mchana kweupe, yeye yupo kwenye kiti chake, ghafla anashtuka kama mtu aliyeguswa. "Amepiga makofi?" ananiuliza. Nani? Hakuna mtu, Mwalimu. Kisha ananiuliza kwa upole kabisa, "Hilda, mimi nipo?" Nitamjibu nini? Namwambia, "Upo, tena umekalia kanga yangu." Hacheki.

Mvua za kwanza ule mgomba ukachipua. Nilichukua panga. Akanishika mkono, akasema, "Usinikate." Nikalirudisha panga ndani, na toka siku ile nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba ili nisipite pale.

Alikufa mwaka huu mwezi wa pili, saa nne asubuhi, akifunga kamba za viatu. Aliinama tu, hakunyanyuka. Nilimfumba macho kwa vidole vyangu mwenyewe. Nilipopiga yowe la msiba, jirani alijibu kutoka shambani kwake, "Leo mnapiga sehemu ya pili?" Walikuja polepole, wakitafuta kamera kwa macho, mpaka walipomgusa.

Nikampigia Vitalis. Mara ya tatu akapokea.

"Shemeji," nikasema, "kaka yako ametutoka."

Akasema, "Shemeji, mimi nakuheshimu. Usikubali wakutumie hivi." Akakata. Alipopigiwa na Kalista binti yangu, hakupokea. Kalista akasema tumtumie picha ya baba jenezani. Nikamwambia, mwanangu una wazimu? Picha hiyo anayo, Mbuji nzima wanayo.

Mazishi yalipangwa kesho yake saa nane, kwa ajili ya joto. Usiku kucha mkekani nilifikiria jambo moja tu. Huyu mtu alizikiwa mama yake hayupo. Akizikiwa hata kaka yake hayupo, kwa sababu yetu sisi, nitakufa na mzigo gani mimi? Na nitamthibitishiaje? Maneno tuliyatumia. Machozi tuliyatumia. Jeneza, turubai, unga, kila alama ya msiba tuliyo nayo tuliichezea uani tukaimaliza.

Ilibaki moja. Mjane haondoki mkekani mpaka mume azikwe. Hata katika ile sinema, Rosemary aliponiomba nisimame nisogee kwenye mwanga, nilikataa. Kabla ya alfajiri nilisimama. Mama Scholastica, mkubwa wa wanawake wa jumuiya yetu, akanishika kanga. "Hilda! Unakwenda wapi? Unataka laana?" Nikamwambia, "Laana tunayo tayari, mama, nakwenda kuipunguza." Nikapanda pikipiki miguu mitupu, nywele wazi, kitambaa cheusi mkononi. Njia nzima watu walituangalia, na wanawake waliokuwa wanakwenda mashambani waliacha njia wakaingia majanini ili wasikutane nami.

Nilimkuta Vitalis shambani, anapalilia mibuni. Aliniona, akasimama wima. Hakunisalimia. Aliangalia nyuma yangu. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akapita kati ya mibuni akiinamisha matawi, akitafuta kamera. Nikamwacha atafute. Nilikaa chini kwenye udongo nikamsubiri amalize. Aliporudi aliangalia miguu yangu.

"Umeondoka mkekani," akasema.

"Nimeondoka."

"Kaka bado hajazikwa na wewe umeondoka mkekani."

"Ningekupataje, shemeji?"

Aliweka jembe chini. Hakwenda hata kubadili nguo.

Tulifika saa nane imepita, watu wote wamesimama, fundi ameshika misumari. Vitalis akasema, "Subirini." Akaenda mwenyewe mpaka kwenye jeneza, na wote wakampisha, hata wale waliocheka mwaka jana, hasa hao. Mwalimu alikuwa na suti ile ile, maana hakuwa na nyingine. Miwani niliikataza.

Vitalis alimtazama muda mrefu. Akamgusa shavu, akauondoa mkono, akaurudisha.

"Kaka," akasema. "Inuka basi."

Akamwinamia karibu zaidi.

"Nimekuja. Inuka, kaka. Safari hii nitacheka."

Akasubiri. Naapa kwa Mungu, uani kote watu walirefusha shingo. Na mimi, niliyemfumba macho kwa vidole vyangu, nilizikodolea zile kope. Katekista alifunga kitabu chake. Jua lilikuwa kali na hakuna aliyethubutu kumwambia Vitalis aondoke.

Halafu akacheka. Alicheka kwa sauti kubwa, peke yake, ameushika ukingo wa jeneza kwa mikono miwili, alicheka mpaka sauti ikamkauka, kama alivyokuwa amemwahidi kaka yake. Kisha akampokonya fundi nyundo, akafunga mwenyewe.