Mafuta Kwenye Lenzi Kavu

Nzigire hakuwa na shahada kubwa, hakuwa na mjomba ofisini, hakuwa na koti jeupe ila la kuazima. Hakuwa pia na ulimi wa kumkatalia mkubwa, na hilo ndilo lililomponza.

Alileta kwenye kituo chetu cha utafiti hapa Rusizi majani ya mihogo ya Nzahaha, yanayonyauka bila mtu kujua sababu. Hadubini zetu kubwa ni za taasisi nyingi, na sheria ni moja: kwanza mafunzo, kisha mtihani, ndipo upewe namba ya siri. Maman Sandrine, mkufunzi, alimfundisha siku tatu. Tone la mafuta ni la lenzi ya mwisho tu. Likigusa lenzi kavu, ile isiyotumia mafuta, umeiharibu. Nzigire alifaulu.

Daktari Hugues, mtafiti wetu mkubwa, aliyakataa mafunzo hayo, hivyo hakupewa namba. "Nifundishwe na fundi? Mimi niliyesoma Ulaya!"

Jumatano asubuhi lenzi kavu ilikutwa imelowa mafuta, na kompyuta inayoandika namba ya kila mtumiaji ilitaja jina moja: Nzigire. Mkuu wa kituo akaamua kwamba Ijumaa atafungiwa mlango kabisa.

Mlango huo naulinda mimi. Nilianza shule ya jioni nikiwa na miaka arobaini, na daftari langu la mlangoni halijawahi kukosa saa.

"Papa Ndizeye, batanifukuza," Nzigire alilia. "Jana nilikuwa nafunga mashine, Docteur akasema niache wazi, dakika kumi tu. Ningemukatalia je?"

"Kwa mdomo!" nikamjibu kwa ukali, maana nilimkasirikia hata yeye.

Nikafungua daftari. Jumanne: Hugues kaingia saa saba na dakika tano. Nzigire katoka saa saba na robo, kuwahi basi. Hugues katoka saa tisa. Baada yake, hakuna mtu.

Hugues mwenyewe akanikuta nikinakili. "Mzee, kazi yako ni mlango."

"Ndiyo, Docteur. Na mlango ulikuona."

"Mkataba wako unaisha mwezi gani?"

"Desemba. Nikuandikie, usisahau?"

Akaondoka bila kuaga.

Barua niliiandika kwa bodi ya kituo, iliyo juu ya mkuu, kurasa mbili zenye saa za daftari, bila tusi hata moja. Nilimtaka Nzigire akiri humo kosa lake kwa mkono wake: kwamba aliiacha mashine wazi. Aliandika, akatia sahihi. Na mimi nikatia yangu, jina zima.

Nikaibandika bahasha kwa gundi, nikapanda pikipiki hadi Cyangugu, nikamkabidhi karani wa bodi mkononi. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Saa hiyo nayo niliiandika daftarini.