Omega Nyuma ya Spika

Kelele za jenereta ndizo zilizowafukuza wageni wa Soka. Televisheni ndogo na deki ya video alizotumiwa na mwanawe Loro kutoka Kampala zilifika Koboko salama, na Jumapili ya kwanza sebule ilijaa hadi watu wakakalia magunia ya muhogo. Lakini sauti ya televisheni ilikuwa nyembamba kama ya mbu, na jenereta nje ilinguruma kama trekta. Mmoja mmoja wakahamia banda la video la sokoni. Akabaki Mariam Poni peke yake, jirani yake, mjane wa askari, aliyekuja kila Jumapili baada ya swala ya alasiri na chupa yake ya chai.

"Wewe unakuja kusikia nini, Mama Afisa?" Soka alimwuliza siku moja.

"Nakuja kusikia jenereta. Kwangu hata hiyo hakuna."

Soka alicheka mpaka akajishangaa. Mkewe alizikwa ng'ambo, upande wa Zaire, miaka ya ukimbizi. Tangu arudi, nyumba ile haikuwa na mtu wa kucheka naye ila huyu.

Mwaka 1994 Loro akamtumia risiva, mashine ya kukuza sauti, na barua: Baba, tafuta spika kubwa, watu watarudi. Mariam alipopata habari, akavuta kutoka chini ya kitanda spika mbili za marehemu mumewe, akazipangusa kwa kanga.

"Chukua. Hapa zinalala panya tu."

"Nikupe nini?"

"Nipe kiti ya mbele."

Soka alikuwa mwanafunzi wa darasa la jioni. Alianza kusoma akiwa na miaka hamsini na sita, na tangu hapo hakupita maandishi bila kuyasoma. Alipozigeuza spika, akaona tarakimu 4, na kando yake alama: Ω.

Alama hiyo aliijua. Iko kwenye mshumaa wa Pasaka, na katekista Paulino aliwafundisha maana yake: Omega, Yeye aliye Mwisho. Nani angeandika jina la Bwana nyuma ya spika, kama si kanisa? Na hiyo nne bila shaka ni hesabu ya mali ya misheni. Akakumbuka mwaka 1979, serikali ilipoanguka, jinsi watu walivyokimbia wamebeba vichwani vitu vyao na vya wenzao. Akakumbuka pia mume wa Mariam alivaa nguo gani mwaka ule.

Alipiga magoti, akasali rozari nzima. Alimwuliza Bwana maswali mengi. Kwa Mama Afisa hakwenda kuuliza hata moja.

Asubuhi akazifunga spika kwenye baiskeli, akazirudisha. Mariam alikuwa akipepeta simsim pamoja na wanawake wawili.

"Zimekataa kulia?" aliuliza.

"Kitu ya Mungu mimi siwezi kuweka kwa nyumba."

"Kitu ya Mungu namna gani?"

Akamwonyesha alama. "Hii iko jina ya Bwana. Spika hii imetoka kanisa."

Mmoja wa wale wanawake akasonya. "Mambo ya askari hayo."

Mariam akaweka ungo chini polepole. "Mzee Soka, maliza maneno yako. Bwana yangu alikuwa mwizi?"

Soka akatazama vidole vya miguu yake.

"Basi pelekea Mungu spika yake," Mariam akasema. "Usiache hapa."

Soka akapanda gari la mizigo mpaka Arua, spika zikiwa katikati ya magunia. Misheni wakamwelekeza kwa Draku, fundi aliyetunza vyombo vya sauti vya kanisa. Soka akaeleza kwa heshima yote. Draku akatazama alama, akaanza kucheka, akavua miwani afute macho.

"Mzee, ingia ndani." Akageuza spika ya redio, spika ya gari, spika yenye nembo ya baa. Ω. Ω. Ω. "Hii yote iko kanisa? Hata hii ya pombe?"

Soka akagusa kwa kidole alama ya spika ya baa.

"Inaitwa om. Inapima vile spika inazuia umeme. Risiva yako imeandikwa ngapi?"

"Bado iko kwa boksi."

"Tazama nyuma yake, utakuta alama hii hii. Ama mtoto wako naye amevunja kanisa?" Kisha akaacha mzaha. "Kama imeandikwa nane, usifunge spika ya nne peke yake. Risiva itapata moto, ikufe. Zifuatanishe: waya itoke kwa risiva, ipite spika ya kwanza, iende ya pili, ndiyo irudi. Nne na nne, nane. Zitabeba mzigo pamoja."

Nyumbani alifungua boksi. Risiva iliandikwa 8 Ω. Kabla ya kugusa waya wowote, akaenda kwa Mariam.

"Mama Afisa, nimekosa. Haikuwa jina ya Bwana. Iko kipimo tu."

"Nimesikia."

"Nisamehe."

"Nimesamehe. Mungu iko." Hakumkaribisha kuketi. "Lakini wale wawili walikuwa hapa."

Soka akaenda nyumba kwa nyumba kwa wale wanawake, akawaeleza habari ya om. Walicheka sana, wakamwitikia vizuri. Lakini neno la wizi lilikuwa limeshafika sokoni, na huko lilisimuliwa bila om.

Jumapili akafunga waya kama alivyofundishwa. Sauti ikatoka nzito na safi, ikaimeza jenereta. Magunia yakajaa, mikeka ikajaa, vijana wa banda la video wakasimama dirishani wakisema, "Mzee ametumaliza!" Kiti cha mbele Soka alikuwa amekiwekea mto. Kila aliyetaka kukikalia alimwambia kina mwenyewe.

Alasiri ikapita. Akatoka nje mara ya tatu, akatazama njia ya kwenda kwa Mariam, akarudi.

"Mzee, unatafuta nani tena?" mmoja akapaza sauti. "Nyumba imejaa!"

"Imejaa," Soka alikubali, akaketi chini karibu na mlango.