Ndita Inakokwenda

Jumamosi asubuhi Daktari Hajira alikaa barazani kwake Kibaha akichambua mchele, simu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi. Alikuwa anachagua kozi. Anakaa, anasimama, anakwenda kuchungulia maharage, anarudi, hakumbuki alipoishia kwenye ungo, anaanza upya. Bibi yake, Mwanahalima, aliyekuja kutoka Kurui na mihogo ya kuwatosha hata majirani, aliuvuta ungo taratibu akaendelea yeye.

"Mke mwenzangu," alisema Bibi, maana ndivyo alivyomtania tangu akiwa mdogo, "hiyo simu inakupa nini ambacho marehemu mume wetu hakukupa?"

"Nataka kusomea uso, Bibi. Kuondoa makunyanzi, makovu, madoa."

"Wagonjwa umewachoka?"

Hajira alikwenda tena kuchungulia maharage. Kwenye kituo cha afya alikuwa amepokea watu wengi mno waliochelewa kufika. Sasa alitaka mahali ambapo mtu anaingia akitembea na kutoka akitembea, tena akijitazama kwenye kioo.

Kozi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwisho wa wiki, kwenye ukumbi wa hoteli Dar es Salaam, na cheti hutolewa Jumapili jioni. Ya pili ilikuwa ya mwaka mzima. Baada ya masomo ya mishipa ya uso, na namna ya kumwokoa mtu sindano ikikosea njia, kulikuwa na somo refu kuliko yote, liitwalo Kunyanzi Linakokwenda.

Daktari Ponsiano, aliyefanya naye kazi kituoni, alimshauri achukue ya pili. "Kuchoma sindano hata mimi nitakufundisha Jumatatu," alisema. "Hilo somo la mwisho ndiyo kozi yenyewe."

"Mwaka mzima? Si nitakuwa nimeshazeeka mimi mwenyewe!"

Akachagua ya mwisho wa wiki.

Kila mwanafunzi alitakiwa kuja na mtu wa kufanyia mazoezi. Bibi alijitolea. "Uso ninao mwingi," alisema. "Utachagua mwenyewe pa kuanzia."

Mwalimu Gregori, mtu mpole aliyepasha moto viganja vyake kabla ya kumgusa mtu, alichagua ndita, ule mkunjo wa katikati ya nyusi. Ya Bibi ilikuwa ndefu, imezama, na imepinda kidogo kushoto kama kijia kinachokwepa kisiki. Hajira alichoma sindano kama alivyoelekezwa. Kwa kawaida dawa ile huchukua siku kadhaa kushika. Ndita ya Bibi iliondoka kabla ya chai. Ilijinyanyua, ikapita juu ya meza ya vitafunio, ikatoka dirishani ikielekea upande wa Kibaha.

"Inakwenda wapi, mwalimu?"

"Kwa aliyeileta," alisema Gregori, akifunga dirisha kwa sababu ya kiyoyozi. "Hilo wanafundisha kwenye kozi ndefu."

Jioni Hajira alipewa cheti. Bibi alifungiwa maandazi ya njiani.

Siku zilizofuata Bibi alilala vizuri kuliko zamani. Lakini alikuwa na mazoea yake: kila baada ya magharibi huhesabu kitu kwa vidole, midomo ikicheza, na Hajira siku zote alidhani ni uradi. Sasa Bibi alishika kidole gumba akaishia hapo.

"Kulikuwa na kitu nilikuwa nakihesabu," alisema. "Kimenitoka."

Alhamisi alifika mzee Kitwana, mdogo wake marehemu babu, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi. Alipoivua, ndita ya Bibi ilikuwa usoni kwake, imepinda kushoto vilevile.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Niondolee hii, mjukuu wangu. Vijana wa kijiweni wananiamkia shikamoo Bibi Mwanahalima. Msikitini mtu ananiangalia kwanza ndipo anipe mkono."

"Imefikaje kwako?"

Kitwana alitazama ukuta, akaeleza. Kaka yake alipofariki, Bibi alikaa eda, hatoki nje, kama inavyompasa mjane. Yeye huku nje akaliuza shamba lao la Zegereni. Bibi alipotoka eda alikuta uzio. Wajukuu wakaambiwa kwamba Bibi amerudi Kurui kwa sababu amepakumbuka kwao, na Hajira aliamini hivyo hadi Alhamisi ile.

"Mrudishie shamba lake."

"Shamba lina ghala, mama. Lina hati ya watu wengine, nao wamelinunua kwa watu wengine." Alisema kwa upole, kama anayetoa pole msibani. "Lakini nina chumba kizuri kando ya barabara ya Morogoro. Chukua, fungua kliniki yako. Mimi niwe mteja wa kwanza."

Hajira alisimama, akakaa, akasimama tena. Chumba kile alikuwa anakijua. Alishajua hata kioo angekiweka wapi.

"Tembea nayo, babu," alisema mwishowe. "Watu waione."

Bibi alitoka jikoni na chai. Aliimimina kikombe hadi kikombe mpaka ikapoa, maana hakusahau kwamba shemeji yake hawezi ya moto. Alipompa, akamtazama usoni.

"Kumbe iko kwako. Hajira, mwondolee. Nirudishie yangu."

"Bibi, mwache aaibike!"

"Anaaibika nini? Si anavaa kofia? Mimi ndiye sina pa kuhesabia."

Hajira alileta sindano aliyorudi nayo kozini, akamchoma Kitwana. Mikono yake ilitulia kuliko miguu yake. Ndita ilinyanyuka, ikavuka sinia la chai, ikajilaza katikati ya nyusi za Bibi, na Bibi akashika kidole gumba.

"Mkorosho wa kisimani, kule shambani Zegereni," alisema, akahamia kidole cha pili. "Mkorosho wa babu yako. Ule uliopigwa radi, ukachipua."

Kitwana alimaliza chai yake, akashukuru, akatoka kichwa wazi. Kijiweni vijana walimwamkia, "Shikamoo, mzee," na mmoja akampisha kwenye benchi.

Hajira hakukichukua chumba. Jioni ileile alijiandikisha kwenye kozi ya mwaka mzima, kisha akampigia Ponsiano.

"Kwani hujazeeka tu?" aliuliza Ponsiano, akacheka, halafu akasema Jumapili atawapeleka Kurui kwa gari lake.

Bibi aliomba wapitie Zegereni kwanza. Alishuka akasimama juani mbele ya ukuta mrefu. Hajira alisimama nyuma yake akihamisha uzito mguu hadi mguu. Mlinzi wa getini aliwaona, akatoka na kiti chake mwenyewe, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Kaa, bibi. Ila usikae sana, hapa ni mali ya mtu."

"Najua, mwanangu," alisema Bibi, akakaa.

Lori liliingia, geti likafungwa. Bibi alikunja ndita, akashika kidole gumba, akaanza kuhesabu.