Kichwa cha Bosi

Kwa tangazo lililobandikwa mlangoni pa saluni, tuliitwa usaili saa tatu asubuhi, wasusi watatu. Bosi alifika saa tano kasoro, nywele kazifumua zote zimesimama, akatupita kwenye benchi bila salamu na kukaa mbele ya kioo kikubwa.

"Haya mabinti, usaili wenyewe huu hapa," akasema akijigusa kichwa. "Mmoja nyuma, mmoja katikati, mmoja mbele. Mistari myembamba. Nina sherehe saa nane."

Mama wa makamo aliyekaa karibu yangu akaninong'oneza, "Mimi nilijua tunakuja kuulizwa maswali, kumbe tumeitwa kulima."

Nikauma mdomo nisicheke. Nyumbani nasukia majirani mlangoni, nimekalia ndoo. Nilichokitaka ni kiti changu ndani ya saluni, basi. Kilichonitia hofu ni swali la shule.

Yule mama akasuka nyuma akarudi kwenye benchi, na mwenzetu wa tatu, dada mrefu, akasuka katikati. Mimi nikaachiwa mbele, penye uso. Nilipoanza tu, swali likaja.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tano."

"Aa, hapa tunasuka nywele, hatusuki hesabu. Endelea."

Roho ikatulia. Nikajiona nimeshapata kiti. Nikasuka kwa moyo wote, mstari kama umepigwa rula.

Simu yake ikaita. Karibu nasi kulikuwa na mteja chini ya mashine ya kukausha nywele, inanguruma, na bosi akadhani ile ngurumo inamficha. Akapaza sauti ili asikike kwenye simu.

"Nasukwa, shoga! Bure kabisa! Nafasi ya kazi iko wapi? Wasusi wangu wawili wananitosha, leo nimewatuma kusuka wateja majumbani. Mimi nikiwa na sherehe, naita usaili. Na wewe jaribu!"

Yule mama kwenye benchi akanitumbulia macho. Dada mrefu akashika kiuno. Vidole vyangu vikasimama vyenyewe. Nilikuwa nimemaliza mistari minne. Upande wa pili wa uso nywele bado zilikuwa wima kama ufagio.

Bosi akakata simu. "Mbona umesimama? Saa saba hii!"

"Mama," nikasema, na sauti ikatoka ndogo, lakini ikatoka. "Kazi ipo, au haipo?"

"Malizia kwanza. Nitakupigia."

"Namba yangu hujaichukua."

Yule mama akapasuka kicheko. Bosi akanitazama kwenye kioo, akajitazama na yeye, akalainika ghafla. "Basi haipo, mdogo wangu. Lakini huwezi kuniacha hivi, jamani. Una roho nzuri, nimeiona kwenye vidole."

Kwa kweli nusura nimalizie. Mistari yangu minne ilikuwa mizuri, na msusi hapendi kuacha kichwa nusu. Lakini nikaweka kitana mapajani mwake, taratibu, nikachukua mkoba.

"Sasa nani atanimalizia?" akalia.

"Ita usaili mwingine, mama."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mpaka mteja wa kwenye mashine alitoa kichwa nje ili acheke vizuri.

Barabarani tulicheka sote watatu mpaka tukashikilia ukuta. "Hebu rudia ulivyomwambia," dada mrefu akanisihi. Kazi sikupata. Lakini nilirudia mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu nikaongeza na mikono.