Njia ya Meneja Kwenye Masale

Mimi nina mdomo, nakubali kabla hujaambiwa na wengine. Marehemu mume wangu, Thadeus, alikuwa akisema Digna akianza kusema, hata kahawa kichanjani inakauka haraka. Mdomo huohuo ndio ulioniingiza kwenye aibu hii, na naisimulia mwenyewe ili watu wa hapa Old Moshi wasije wakaniongezea chumvi.

Tulikuwa na mbwa anaitwa Meneja. Thadeus ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu tukianika kahawa alikaa chini ya mgomba akitutazama tunavyohangaika, yeye hagusi kitu. Lakini asogee kuku wa jirani kwenye kichanja, ndipo ungejua kwa nini anapewa ugali. Thadeus alipofariki, Meneja alihamia mlangoni kwangu. Nikienda kukata majani ya ng'ombe, yuko mbele. Nikienda misa ya kwanza, ananingoja getini mpaka baraka ya mwisho. Watoto wangu wako Dar, wanapiga simu, Mungu awabariki, ila aliyekuwa akinipokea nyumbani ni huyo.

Mwaka jana alianza kuyumba nyuma. Mwanzoni nilicheka. "Meneja, umekunywa mbege wapi asubuhi yote hii?" Baadaye miguu ya nyuma ikawa inaburuta, kucha zinachora mistari miwili kwenye udongo kila anapopita. Siku moja, mwezi wa nane, niliifuata ile mistari kwa macho. Ilikuwa inatoka kwenye masale.

Masale ni ile mimea ya majani marefu tunayopanda mpakani huku kwetu. Upande wa pili wa masale yangu ni kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha Wenseslaus, mdogo wake Thadeus. Miaka minne tulikuwa hatusemeshani. Yeye alidai masale yamesogea hatua mbili kwake, mimi nikadai yamesogea hatua mbili kwangu. Tuliita wazee, tukaita mjumbe, kamba zikavutwa mpaka zikachoka. Hatua mbili, jamani, hata migomba mitatu haienei!

Basi nilipomwona mbwa wangu anatokea kwa Wenseslaus akiburuta kiuno, nikajua nimeshajua. Amempiga. Kwa mpini wa jembe, tena mgongoni. Sikuuliza mtu. Jumatano tulikuwa na sala ya jumuiya nyumbani kwa Theodora, na ulipofika wakati wa kila mmoja kutoa ombi, nikasimama.

"Tuwaombee wote wanaovunja migongo ya wanyama wasio na hatia," nikasema, "hasa aliye humu ndani, mwenye kihamba chini ya changu. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote, macho chini. Wenseslaus aliitikia kwa sauti kuliko wote. Nikasema moyoni, jeuri gani hii!

Kesho yake Meneja alishindwa kabisa kuinuka. Siku hiyohiyo akaja Aristides, daktari wa mifugo, kijana mpole mzaliwa wa Kwa Sadala. Alikuja kumchanja ng'ombe wangu. Nikamwambia aache ng'ombe kwanza, aniandikie karatasi ya kupeleka ofisi ya kijiji kwamba mbwa amepigwa.

Alipiga goti, akampapasa Meneja mgongo mzima, pingili kwa pingili. Meneja hakulia. Kisha akaushika mguu wa nyuma, akaupindua wayo, upande wa juu wa vidole ukalala chini. Meneja aliuacha hivyohivyo, kama si wake.

"Mama, huyu hajapigwa."

"Hajapigwa vipi na hawezi kutembea?"

"Tazama kucha. Zimelika kwa juu. Hizi zimeburuzwa miezi, si wiki. Angepigwa angekuwa analia nikimgusa." Akakaa vizuri chini. "Ni uti wa mgongo, mama. Unachakaa taratibu, ugonjwa wa uzee. Umeanza nyuma, utakuja mbele. Dawa ya kuurudisha hakuna."

Nilihisi uso unaniwaka. Sio kwa ajili ya ugonjwa tu. Nilikuwa naisikia "twakuomba utusikie" masikioni.

"Anaumia?" nikauliza.

"Kwa sasa hapana. Anashangaa tu kwa nini miguu haimsikii. Anaweza kuishi vizuri miezi kadhaa. Lakini ainuliwe asubuhi na jioni, atembezwe na kitambaa chini ya tumbo, ageuzwe asipate vidonda. Ana kilo thelathini na ushee. Utamwinua na nani?"

Nikaanza kumfuta Meneja udongo kwenye kucha.

"Nitarudi Jumatatu," akasema kwa upole. "Kama hakuna wa kukusaidia, sindano ya kumpumzisha itakuwa huruma zaidi kuliko kumwacha alale kwenye mkojo wake."

Jioni ile nilitoa kabatini mbeleko niliyombebea mwanangu Aika, nikaipitisha chini ya tumbo la Meneja, nikavuta. Tulifika kwenye kichanja cha kahawa, goti langu likakataa, tukaanguka wote wawili. Akanilamba sikio. Nililia palepale chini, nikamwambia, "Baba, nisamehe, siwezi."

Ijumaa nikajaribu tena. Jumamosi vilevile. Theodora alikuja akanisaidia mara moja, mgongo ukamkamata, nikamrudisha kwake. Vijana wetu wote wako mjini. Mtu mwenye nguvu na nafasi, wa kufika kwangu asubuhi na jioni bila kupanda pikipiki, alikuwa mmoja tu, na huyo nilikuwa nimemshitaki kwa Mungu mbele ya jumuiya nzima.

Kwetu, msamaha mzito hauombwi kwa mdomo peke yake. Unakata isale, moja tu ya hayo masale ya mpakani, unalifunga jani lake fundo, unampelekea uliyemkosea. Akiletewa isale hawezi kukataa, hata kama umemfanyia nini. Kwa hiyo mtu halibebi kwa mchezo. Jumapili baada ya misa nilichukua panga, na kwa jinsi nilivyokuwa nimejikasirikia, badala ya jani nikakata kichwa kizima na shina lake.

Chini ya masale kulikuwa na upenyo, njia ya Meneja mwenyewe. Nikainama nikapita hapohapo. Ile mistari miwili ya kucha ilinitangulia, ikapita kwenye migomba, ikaenda moja kwa moja hadi barazani kwa Wenseslaus. Hapo nikasimama.

Kwenye ngazi palikuwa na ubao umelazwa, mtu asiyeweza kupanda apande. Juu ya sakafu, kuanzia kwenye ubao mpaka mlango wa jikoni, yalitandikwa magunia yameshonwa pamoja, miguu isiteleze kwenye saruji. Magunia yenyewe yalikuwa yamechakaa, yamejaa manyoya ya kahawia ya mbwa wangu. Mwisho wake bakuli, na ndani ya bakuli mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, umepoa.

Wenseslaus akatoka jikoni na mwiko mkononi. Aliliona isale kabla hajaniona mimi.

"Shemeji," nikasema, "nimekosa. Meneja ni mgonjwa wa mgongo. Nimekusingizia mbele za watu."

Aliweka mwiko chini, akalipokea kwa mikono miwili. "Limeshafika, nitasema nini tena? Ungekuja mkono mtupu ningekutukana kwanza."

"Kwa nini hukusema pale jumuiyani?"

"Ulikuwa unasali. Nikukatishe sala?"

"Na ukaitikia!"

"Si ulisema tuwaombee wanaovunja migongo ya wanyama? Ombi zuri. Nikaliitikia."

Nilicheka huku machozi yananitoka, siwezi kueleza. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama bakuli.

"Tangu Eliona afariki nakula peke yangu," akasema. Eliona alikuwa mkewe. "Kengele ya saa sita ikilia, huyu anatokea kwenye masale. Miaka minne yote. Ugomvi wetu haukumhusu. Mchana wangu, jioni wako. Nilikuwa namuuliza, shemeji yangu hajambo? Akionekana ameshiba na mkia unacheza, najua hujambo. Tangu Alhamisi hajaja. Nimemwekea kila siku."

Ee Mungu wangu. Miaka minne mtu ananijulia hali kwa mbwa, na mimi napima hatua mbili.

"Kesho daktari anakuja na sindano," nikamwambia. "Peke yangu siwezi kumwinua. Nimejaribu, Wense. Nimeshindwa."

Aliingia ndani, akatoka amevaa kofia. "Yuko wapi?"

Aristides alipofika Jumatatu alitukuta njiani, kila mmoja ameshika ncha yake ya mbeleko, Meneja katikati anatembea na miguu yake ya mbele kama anakagua shamba. "Shikamooni," akasema. "Marahaba," tukajibu pamoja. Akatutazama, akafunga mkoba wake.

Tulipata miezi minane. Kila asubuhi na kila jioni. Tuligombana sana, maana Wenseslaus anatembea kama anakimbizwa, na nilimwambia. Msimu wa kahawa Meneja alikaa tena pembeni ya kichanja, juu ya gunia, akitusimamia wote wawili, na kuku wa Theodora walipatwa na mshituko walipogundua sauti bado ipo. Nashukuru kwa kila siku ya hiyo miezi. Sikuwa nimestahili hata moja.

Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, miguu ya mbele nayo ikachoka. Akakataa mtori. Tulimwita Aristides wenyewe. Kichwa kilikuwa mapajani kwangu, kiuno mapajani kwa Wenseslaus, na mbeleko juu yake. Nilimwambia asante mpaka alipolala.

"Tumweke wapi?" Wenseslaus aliuliza.

"Kwenye njia yake," nikasema.

Akachimba palepale penye upenyo wa masale. Akaenda kwake akarudi na kopo. Ndani lilikuwemo isale langu, lile nililompelekea. Alikuwa amelipanda, limeota mizizi. Tukalipanda juu ya Meneja, pembeni kidogo ili upenyo usizibe.

"Hapa ni kwangu au kwako?" nikamuuliza.

"Mimi sijui," akasema, akaendelea kushindilia udongo.

Siku hizi kengele ya saa sita ikilia, nainama napita hapohapo na bakuli langu. Magunia bado yapo barazani.