Wapiga Pasi Waliokuwa Wakipaa

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, msimamizi wa chumba cha pasi alikuwa akigawa mashuka ya hoteli alipoona mpiga pasi wa meza ya tatu ameachana na sakafu kwa shibiri moja. Akamwondolea waya wa pasi usije ukamnasa, akaandika daftarini: "Shibiri moja." Katika kampuni ile ya ufuaji, mtu akianza kufikiria kuacha kazi, hupaa. Akifika usawa wa dirisha la juu, hutoka, basi. Mwaka ule walikuwa wametoka kumi na saba.

Ndiyo maana wasimamizi wote waliitwa kwenye mafunzo ya siku mbili, palepale kazini. Afisa utumishi, mama mchangamfu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliwafundisha kumsifia mfanyakazi mbele ya wenzake, kukumbuka siku yake ya kuzaliwa, na kumuuliza anataka nini. Meneja akafunga mafunzo kwa kusema kampuni ni familia moja.

Msimamizi alirudi na moto. Alimsifia yule wa meza ya tatu mpaka koo likamkauka. Mpiga pasi akapaa vidole viwili zaidi. Akaleta keki. Watu wakaila, wakashukuru, huku wakielea. Lilikuwa limebaki la kuuliza.

"Haya, mwenzangu, niambie ukweli. Unataka nini?"

Mpiga pasi alikuwa ameinama sana ili aifikie meza. "Kiti, dada."

"Kiti tu?"

"Saa tisa kwa siku nimesimama, miguu inawaka. Huku juu angalau inapumzika."

Msimamizi alicheka mpaka akafuta machozi. Visigino vyake vilikuwa vikimuuma mwaka wa sita huo, na hakuwahi kumwambia mtu. Jioni akachukua stuli ya jikoni kwake. Mumewe, mpishi wa nyumba, akamuuliza sasa atakalia nini akipika.

"Simama kidogo, baba watoto. Sisi tumeshazoea."

Wapiga pasi wakaikalia kwa zamu, robo saa kila mmoja. Kufikia Ijumaa wote sita walikuwa chini, na wa meza ya kwanza alikuwa akiimba. Meneja akaja kujionea, akapiga makofi.

"Mnaona? Mafunzo yamefanya kazi!"

"Ni stuli, bosi. Tukipata nyingine tano..."

"Wateja wakiwakuta wamekaa watasemaje? Hiyo irudi nyumbani. Nitawaandalia mafunzo awamu ya pili."

Stuli ikarudi nyumbani, mume akafurahi. Jumatano msimamizi alitaka kuandika vipimo vya siku, akagundua daftari liko mezani na yeye anaelea juu yake. Visigino vilikuwa kimya kabisa. Akashangaa tu kwamba alichelewa hivyo kupaa.

Yule wa meza ya tatu alikuwa ameshafika dirishani. Akamnyooshea mkono.

"Njoo, dada. Tunaenea wawili."

Wakatoka pamoja, wakishikilia sketi zisipeperuke, wenzao wakiwapigia vigelegele kutoka viwango mbalimbali. Wakashuka taratibu ng'ambo ya ukuta, kwenye nyasi. Wakakaa.

Alhamisi asubuhi tangazo jipya lilikuwa limebandikwa getini: nafasi mbili za kazi, msimamizi na mpiga pasi, wachangamfu, wapenda familia, wenye uwezo wa kusimama muda mrefu.